Maswali ya Wasomaji: Phoenix Mwezi wa Juni

Barua za safari za toleo hili nyingi zinaelekea mahali pamoja: Phoenix, Arizona, nchini Marekani, mji uliojengwa katika jangwa la Sonora. Wote walioandika wanasafiri Juni, kiangazi kinapoanza. Tumejibu yale maswali yanayorudiwa zaidi.

Ndugu Mhariri, nakwenda Phoenix siku 5, wiki ya pili ya Juni. Walionitangulia wananiambia joto la huko ni kavu, kwa hiyo halisumbui kama la mahali penye unyevu. Nisiwe na wasiwasi?

Wasiwasi kidogo utakusaidia, ndugu yetu. Mchana wa Juni wastani wake ni takribani nyuzi 40 za Selsiasi, na mvua karibu haipo kabisa. Tarehe 26 Juni 1990 kipimo kilifika nyuzi 50.

Ni kweli kwamba ukikaa kivulini utapata nafuu. Katika hewa kavu jasho hukauka papo hapo, na linapokauka ndipo linapoupoza mwili. Lakini hapo hapo ndipo watu wanaponaswa. Shati halilowi, uso hauchuruziki, mtu anadhani hatoki jasho, kumbe akitembea juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Kwa hiyo usingoje kiu. Ukiwa nje, kunywa kikombe cha mililita 240 kila baada ya dakika 15 hadi 20.

Usizidishe pia. Kiwango cha juu ni kama lita 1.4 kwa saa. Maji matupu yakizidi, chumvi ya damu hushuka, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, zilezile zinazoletwa na joto. Wenzako wakiziona watakuongezea maji, na hali itazidi kuharibika. Kula kitu chenye chumvi kila unapopumzika. Ikiwa utatoka jasho kwa saa kadhaa mfululizo, beba vifuko vya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Ukivikosa, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Jambo la mwisho: mwili huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea joto la namna hiyo. Wewe una siku 5, kwa hiyo utaondoka kabla hujazoea. Siku mbili za mwanzo fanya nusu tu ya unachoweza.

Nataka kupanda mlima wa Camelback na kutembelea bustani ya Desert Botanical Garden siku hiyo hiyo. Nianze saa ngapi?

Juni jua huchomoza huko yapata saa 11 na dakika 20 alfajiri na kuzama yapata saa 1 na dakika 40 usiku. Wageni wengi hudhani saa 6 mchana ndiyo kilele cha joto, wanajificha hotelini, halafu wanatoka saa 10 jioni wakiamini jua limeshapoa. Sivyo. Joto kali zaidi ni kati ya saa 9 alasiri na saa 11 jioni, na baada ya hapo lami na kuta huendelea kutoa joto zilizolinyonya mchana kutwa. Muda wa kutembea ni alfajiri.

Njia ya Echo Canyon kwenda kilele cha Camelback ni fupi, kama kilomita 2 tu, lakini inapanda karibu mita 400, na sehemu zake ni mwamba mtupu wa kushikilia vyuma vya pembeni. Anza kunapopambazuka. Beba lita 2 kwa kila mtu kwa uchache, na geuza mara nusu ya maji inapokwisha, hata kama kilele unakiona. Matatizo mengi hutokea wakati wa kuteremka: mtu amefika juu saa 3 asubuhi, chupa tupu, miguu inatetemeka, na jiwe analolishika limeanza kuunguza viganja. Siku ambazo idara ya hali ya hewa imetoa onyo la joto kali, mji hufunga njia za Camelback na za mlima mwingine wa hapo, Piestewa Peak, tangu asubuhi hadi saa 11 jioni. Tazama tangazo la siku hiyo kabla ya kutoka.

Mlima na bustani visiwe siku moja. Bustani hii, iliyofunguliwa mwaka 1939 katika Papago Park, inastahili asubuhi yake peke yake. Nenda pindi inapofunguliwa, uangalie dungusi warefu wanaoitwa saguaro. Maua yao meupe hufunguka usiku, popo na njiwa huyajia, kisha kila ua hujifunga mchana unaofuata na halifunguki tena. Anayefika alasiri hukuta yamekunjamana. Juni maua yanaelekea kuisha, lakini matunda yanaanza kupasuka: ganda linafunguka pande zote na nyama yake nyekundu inaonekana, hata ukiwa mbali ukadhani ni ua jingine.

Alasiri iwekee makumbusho. Heard Museum, iliyoanzishwa mwaka 1929, ina kazi za sanaa za wenyeji asilia wa Marekani, na saa tatu humo hazitoshi. Beba sweta jepesi, maana viyoyozi vya huko havina huruma.

Nasafiri na mama yangu mwenye miaka 68, anayetumia dawa ya presha ya kukojosha, na binti yangu wa miaka 4. Ni salama?

Inawezekana, dada, kwa maandalizi. Kabla ya safari mpeleke mama kwa daktari wake na mtaje joto la nyuzi 40. Dawa ya kukojosha hutoa maji na chumvi mwilini, na baadhi ya dawa za mzio hupunguza jasho. Daktari ndiye wa kubadili kipimo. Mama asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Kama anatumia insulini, iliyofunguliwa isizidi nyuzi 30. Iweke kwenye mfuko wa baridi, lakini isigusane na barafu, kwa sababu insulini ikiganda imeharibika.

Kitu wageni wasichokitegemea ni ardhi yenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 40, lami iliyo juani inaweza kupita nyuzi 70, na ngozi huungua kwa sekunde chache. Mzee akianguka na kukawia kuinuka, anaungua vibaya. Mshike mama mkono kwenye maegesho, na mtoto asitoke pekupeku hata kwa hatua tatu za kwenda kwenye bwawa la kuogelea. Ndala nyembamba hazitoshi. Vaa soli nene. Bembea na mteremko wa watoto, hasa wa chuma, gusa kwanza kwa mgongo wa mkono wako. Kigari cha mtoto usikifunike kwa kanga au blanketi. Unaweka kivuli, ndiyo, lakini unazuia hewa na ndani kunageuka tanuri.

Mtu akianza kuongea ovyo, kupepesuka au kupoteza fahamu juani, hiyo ni dharura, awe na jasho au asiwe nalo. Piga 911, namba ya dharura ya huko, kwanza. Mwingize kivulini au kwenye kiyoyozi, mvue nguo za ziada, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea, na weka barafu shingoni, makwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu timamu asinyweshwe chochote. Parasetamoli haishushi joto la aina hii, msipoteze muda nayo.

Nivae nini?

Nguo pana, nyepesi, za mikono mirefu na rangi isiyokolea. Ngozi iliyofunikwa hupata joto dogo kuliko iliyo wazi juani. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Losheni ya kukinga jua iwe na SPF, yaani kipimo cha nguvu ya kukinga, ya 30 au zaidi. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji kama mililita 30, na urudie kila baada ya saa mbili. Wengi hupaka robo ya hiyo, halafu wanailaumu losheni. Mafuta ya mgando kidogo puani huzuia damu ya pua inayoletwa na hewa kavu.

Nitakodi gari. Kuna la kujua?

Yapo mengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walipima magari yaliyoegeshwa juani katika siku za joto kali. Baada ya saa moja hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47 na dashibodi karibu 69. Yaliyokuwa kivulini yalifika nyuzi 38. Kwa hiyo hata kivulini usimwache mtoto, mzee wala mnyama, na usiache simu, dawa, viberiti vya gesi au makopo ya dawa za kupulizia.

Unapoingia, fungua vioo vyote, washa kiyoyozi kikivuta hewa ya nje, endesha dakika moja au mbili ili hewa moto itoke, kisha funga vioo na ubadilishe kizungushe hewa ya ndani. Ukifunga vioo tangu mwanzo unakilazimisha kiyoyozi kupoza tanuri. Gusa chuma cha mkanda kabla ya kumfunga mtoto. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima tairi likiwa moto utaupunguza usivyotakiwa. Kwenye buti ziwemo lita 4 za maji kwa kila mtu.

Ukitaka kupumua hewa baridi, Flagstaff iko mwendo wa saa mbili kaskazini, kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, na mchana wake wa Juni ni kama nyuzi 26.

Nimesikia habari za ukuta wa vumbi. Nikikutana nao barabarani?

Msimu wa dhoruba huhesabiwa kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, ingawa nyingi huja Julai na Agosti. Ukiona ukuta wa vumbi mbele, toka barabarani kwenye njia ya kutokea iliyo karibu kabla haujakufikia. Ukikuwahi, ondoka kwenye lami kabisa, mbali uwezavyo na magari yanayopita. Zima taa zote, pamoja na za dharura, vuta breki ya mkono na uondoe mguu kwenye breki ili taa nyekundu za nyuma zisiwake. Sababu ni kwamba dereva asiyeona kitu hufuata taa za aliye mbele akidhani gari linatembea, na atakugonga ukiwa umesimama. Kaeni na mikanda mpaka vumbi lipite.