Barua kwa mwanangu: STI yako na ile GT-R ya Kolwezi

Papa,

Audio yako nimeisikia yote, hata pale unacheka peke yako kama umeshapewa funguo. Umesema kuna kaka moja hapo kazini Kolwezi iko na Nissan GT-R ya 2009, anataka mubadilishane, yeye abaki na Subaru STI yako, wewe uchukue GT-R na umuongezee dola 15,000 juu, na anataka jibu mbele ya mwisho wa mwezi. Halafu ukamalizia: mama, wewe unauza piesi za mutuka tangu sijazaliwa, uniambie, nifanye ao nisifanye?

Usifanye. Namna ile anavyotaka yeye, usifanye. Sasa nikuelezee, juu nakujua, ukiambiwa hapana bila sababu unaenda kuuliza baba yako, na baba yako kwa mambo ya mutuka ya mbio anakuwaka mutoto kuliko wewe.

Mutuka yenyewe siisemi vibaya. Ila kwanza uache kuiita Skyline, GT-R ya huyu kaka ni ile wanaita R35, na R35 si Skyline, Nissan walipoitoa 2007 walitenga hayo majina mawili, Skyline GT-R iliishia ku R34, ile ya mbele yake. Na hilo jina la Godzilla unalolipenda walilipa R32, Skyline GT-R ya zamani zaidi, gazeti moja la mamutuka la Australia njo lililianzisha 1989, kisha R32 ikaenda kushinda mbio za Bathurst kule kule Australia 1991 na tena 1992 hadi mashabiki wakazomea. Ya huyu kaka ni kitu kingine: V6 ya lita 3.8, turbo mbili, nguvu ya farasi kama 480, moteri inaunganishwa kwa mukono na fundi mumoja kule Yokohama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yako wewe lita 2, turbo moja, farasi 308. Kwa mbio hakuna mashindano hapo, hata mimi mwenye natembea na Toyota Noah najua. Tena walishaacha kuitengeneza, ya mwisho ilitoka kiwandani Agosti 2025, kwa hiyo zile ziko zinatafutwa.

Na njo pale mimi nakwama. Kitu kinatafutwa, hakitengenezwi tena, ku minada ya Japan hata ile imechoka bei yake inapita STI ya umri huo mara kadhaa, na huyu kaka iko na intaneti kama wewe, anajua bei. Sasa kwa nini anakuachia kwa Subaru na 15,000? Mutu wa mine, wa mugodi, hapunguze dola hivyo juu mulikula pamoja kantini.

Unajua kwa nini wafanyabiashara wanapenda kubadilishana? Juu inaficha bei. Muulize swali moja: Kaka, kama ningekuja na cash bila Subaru, GT-R ni ngapi, na Subaru yangu peke yake unaihesabia ngapi? Akisema GT-R 40,000 na Subaru 25,000, tofauti ni 15,000. Akisema GT-R 27,000 na Subaru 12,000, tofauti ni ile ile 15,000. Hesabu zote mbili zinafika pamoja lakini si biashara moja hata kidogo. Ya kwanza anakupaka mafuta, hakuna mutu atakupa 25,000 kwa STI ile hapa Lubumbashi, unaijua. Ya pili anakubali kwa mudomo wake mwenyewe kama GT-R yake iko na ugonjwa, juu yenye afya haiuzwe bei hiyo. Na akikataa kutenganisha hizo bei, aseme tu "ndugu, sisi tunabadilishana, mambo ya bei ya nini," basi umeshapata jibu na haukulipa hata esanse, petroli, ya kwenda kuiona.

Ugonjwa gani? Mimi ningeanza ku bwati, ile giaboksi. Bwati ya GT-R haiko mbele na moteri kama ya mutuka zingine, iko nyuma pamoja na diferansiele (difu), ambreyaji (klachi) mbili ndani, kompyuta njo inabadilisha vitesi. Zile za kwanza kabisa, za 2008, ziliwapa watu shida kule Marekani: walikuwa wanazima ile programu ya kushika mutuka isiteleze, kisha wanaondoka kwa nguvu yote ili wajionyeshe, bwati zikavunjika, Nissan ikakataa garanti, kisha wakabadilisha programu ku za 2009. Kwa hiyo ya huyu kaka inaweza kuwa yenye programu mpya, lakini programu haizuie ujinga wa shofere. Mafuta ya bwati ile ni karibu lita kumi, ya aina yake peke yake, mimi siyauzi na simujui mutu wa hapa mwenye anayaweka ku rayon ya duka lake. Wakikuambia walitia ATF, mafuta ya bwati za otomatiki, ya kawaida "inafanana," geuka urudi nyumbani. Na si bwati ya kuteremusha chini ya muembe pale commune ya Kenya, nasema Kenya ya kwetu, si inchi. Mafundi wa pale nawapenda, wananilisha, lakini kila mutu na kazi yake.

Ukienda kuiona, fanya hivi. Usikubali kuikuta imeshawashwa, moteri iwe baridi, gusa kapo, kile kifuniko cha moteri, kwa mukono. Wewe njo uiwashe. Iache ipate moto kabisa, iko kwa nyutro, usikanyage kitu, ushuke uiname pale katikati, nyuma ya moteri, usikilize. Kama unasikia kitu kinacheza ndani kama vijiko mu sufuria, ile ni nyumba ya shafti inayopeleka nguvu nyuma imechoka, kitu kinajulikana sana ku R35. Haitakuacha njiani leo, lakini ni kazi ya feza na anapaswa kuipunguza ku bei. Kisha itembeze polepole, ya kwanza na ya pili, kama uko nyuma ya lori ku péage, pale wanalipisha barabara, urudi nyuma ku mupando. Mbio inaficha mengi, polepole njo inasema ukweli. Na mutuka ile iko na kumbukumbu ndani inaandika namna inaendeshwa, mutu mwenye skana ya Nissan anaisoma. Akikataa isomwe, sawa, ni haki yake, na wewe haki yako kubaki na feza yako.

Kitu kingine ambacho wanaouza hawataji. Bloki ya Subaru yako ni aliminiomu lakini mu silinda mna shimizi za chuma, mabomba yenye pistoni inatembea ndani, ikikwaruzwa turneri, fundi wa kuchonga chuma, anaichonga, unatia pistoni kubwa kidogo, maisha yanaendelea. GT-R haina shimizi. Walipuliza tabaka nyembamba sana ya chuma kwa plasma moja kwa moja ku aliminiomu, ili iwe nyepesi na ipoe vizuri, ni kazi nzuri sana lakini turneri wetu akiweka kisu pale amemaliza bloki. Siku ile ikiguswa ndani, utatafuta moteri ingine ao unaisafirisha inje, na usiniombe mimi nikukopeshe.

Nisiseme kama STI ni malaika. Kuna mutu aliniletea pistoni ya STI juzi, amefunga mu gazeti, ya lita 2.5 ile, akaifungua juu ya meza yangu akisema nimutafutie segma, zile ringi za pistoni, mupya. Nikamuonyesha kwa kidole: kile kiukuta kati ya segma na segma kilikuwa kimekatika, kipande kama ukucha hakipo, na pembeni pistoni imeng'aa juu kile kipande kilitembea ku silinda mbele ya kutoka. Segma mupya itashika wapi? Ile ni ugonjwa wa 2.5, yako ya Japan ni 2.0 haina sifa hiyo sana, lakini na wewe ukiendelea kuilisha esanse ya ma-Kadhafi, wale wauzaji wa barabarani, ya mu chupa utaifikisha pale pale. Ilitengenezwa kwa esanse ya okteni ya juu, ya Japan ni 100. Ile ya mu chupa barabarani hakuna mutu anajua imechanganywa na nini. Na GT-R ingeomba esanse ile ile nzuri, ila nyingi zaidi. Na mukaba wa distribisyo, ule wa kuzungusha valve? Wanasema uutoe ku kilometa 100,000, ukikatika valve zinagonga pistoni. Uko ngapi? Kila siku unaniambia "bado mama." Kwa hilo tu GT-R inakushinda, yenyewe iko na cheni.

Baba yako atakuambia mambo ya hewa, kwamba Lubumbashi iko juu karibu metre 1,200 na moteri isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Ni kweli lakini haikuhusu, zote mbili ziko na turbo.

Mapineu: GT-R inavaa 255/40 ya 20 mbele na 285/35 ya 20 nyuma, ni ran-flati, zenye zinatembea hata bila upepo, ukuta wake mugumu, mafundi wetu wa pineu na vyuma vyao watakukwaruzia rimu. Mbele na nyuma si saizi moja kwa hiyo hata kuzungusha huwezi. Na wewe unapita kila wikendi zile kilometa 300 za Kolwezi, mvua ya Januari inafungua mashimo yenye jana hayakuwa. Tena volani iko ku kuume na sisi tunatembea ku kuume. Ukitaka kupita lori ya shaba pale mbele ya Likasi unatoa mutuka muzima inje ndiyo uone kama njia iko wazi. Na STI unafanya hivyo leo, najua, sipendi, lakini na STI unafikiri kwanza. Mutuka ya farasi 480 inakuambia utafika.

Sasa karatasi, na hapa usifanye mchezo. Carte rose, ile kadi ya mutuka, iko kwa jina la nani? La huyu kaka ao la mutu aliyemuuzia? Angalia namba ya shasi ku mutuka yenyewe, si ku fotokopi. Kama GT-R ilitoka soko la Japan, namba inaanza R35 kisha tarakimu, fupi, kama vile yako inaanza GRB, na mbio yake imefungwa isipite 180 kwa saa, na skrini inaongea kijapani. Kama anasema "direct Japan" lakini namba ni ndefu ya herufi na tarakimu 17 inaanza JN1, basi iliuzwa kwanza inchi ingine. Si kosa, zinakuya nyingi toka Afrika Kusini kwa njia nzuri tu, lakini aseme ilipita wapi na karatasi za duane (forodha) ziseme hivyo hivyo. Hadithi mbili kwa mutuka moja, hapana.

Na hata yote yakiwa sawa, usiandike karatasi moja ya "tumebadilishana." Andikeni vitendo viwili vya kuuza, GT-R na bei yake, Subaru na bei yake, sahihi mbili, mashahidi. Fikiria: miezi mitatu inapita, wanakamata GT-R juu ya duane haikulipwa. Unaenda kwa kaka, anakuambia basi turudishiane. Turudishiane nini? STI ameshaiuza Likasi kwa mutu wa tatu. Bila bei iliyoandikwa hata mbele ya juge utadai kitu gani, hautakuwa na namba ya kutaja.

Kama unaitamani kweli, na nasikia ku sauti unaitamani, fanya hivi. Badilisha mukaba, isafishe, uze STI yako kwa cash hapa Lubumbashi, mimi niko na watu wawili watatu wenye wananiulizaga STI ya 2.0. Weka ile feza pamoja na 15,000 yako. Kisha mwambie kaka uko mununuzi, si mubadilishaji, na skana isomwe mbele ya malipo. Ikiwa bado iko pale na bei ni ya ukweli, mutaongea kama watu wazima. Ikiwa imeshaenda kwa mutu mwingine, kuna zingine. Mwisho wa mwezi ni wa kwake, si wa kwako.

Nitumie picha ya namba ya shasi na ya carte rose, pande zote mbili, nimuulize mutu wangu wa duane. Na yako usimupe hata ya kupiga picha. Mapineu uliyonilomba ya STI, 245/40 ya 18, yamefika, tuma mutu Alhamisi mbele ya saa sita juu mchana nafunga, niko na matanga Katuba. Na feza uniletee safari hii, si "mama nitakupa."

Mama yako