Uliza Mkanda Mweusi: Je, Popole wa Bukavu aliisaliti Kongo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu wa miaka 16 anacheza judo hapa Kigoma. Ukutani kabandika picha ya Popole Misenga, yule mzaliwa wa Bukavu aliyecheza Olimpiki bila bendera ya Kongo. Shemeji yangu, ambaye kwao ni Uvira, kila akija humwambia aitoe: "Huyo aliuza nchi." Kwani mchezaji anaruhusiwa kuhama timu ya taifa apendavyo? Na shemeji nimjibu nini?
– Mama Mwanajudo, Kigoma

JIBU: Marahaba, mama. Picha isibanduliwe.

Kuhama apendavyo hakuna. Kanuni ya 41 ya Mkataba wa Olimpiki inasema aliyekwisha kuiwakilisha nchi moja, akibadili uraia, angoje miaka 3 ndipo aingie Olimpiki na nchi mpya. Muda huo hupunguzwa au kufutwa pale pande zinazohusika zikikubaliana. Na wanaohama ni wengi. Ilias Iliadis alizaliwa Georgia akiitwa Jarji Zviadauri, akaasiliwa na familia ya Kigiriki, na mwaka 2004 akaipa Ugiriki medali ya dhahabu ya judo mjini Athens akiwa na miaka 17. Kesho yake binamu yake Zurab akaichukulia Georgia dhahabu ya uzani wa kilo 90. Saeid Mollaei alikuwa bingwa wa dunia wa Iran mwaka 2018. Mwaka uliofuata wakubwa wake walimshinikiza ashindwe makusudi ili asikutane na Mwisraeli. Akakimbilia Ujerumani, akapata uraia wa Mongolia, na mwaka 2021 akavaa medali ya fedha ya Olimpiki kwa jina la Mongolia. Baadaye akahamia Azerbaijan. Mzee huyo ana mabegi!

Sasa Popole. Yeye hakuhama kama hao.

Alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vilipofika, akiwa bado mtoto mdogo, alipotezana na watu wake, akakaa msituni siku nane kabla ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa. Huko, kwenye kituo cha watoto, ndiko alikojifunza judo. Akapanda mpaka timu ya taifa. Lakini alisimulia mwenyewe kwamba waliposhindwa walifungiwa kama wafungwa na kunyimwa chakula. Mimi nimeshindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda, na adhabu kubwa niliyopata ni mwalimu kuninunia njia nzima, nikabeba mikeka peke yangu. Judogi langu la kwanza, yaani vazi la judo, lilikuwa la marudufu, fundi kalishona kwa kukisia, kola inakwaruza shingo mpaka damu. Nililalamika sana. Leo nikisoma habari za Popole naona haya.

Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia, yeye na Yolande Bukasa Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu. Kwa maelezo yao, waliachwa hotelini bila chakula cha kutosha wala paspoti. Wakatoka. Wakaanza kuuliza mitaani kwa lugha wasiyoijua, mpaka wakafika kwa Waafrika wenzao waliokuwa wakiishi mitaa ya kaskazini ya mji. Brazil ikawatambua kuwa wakimbizi, na miaka miwili baada ya kutoka hotelini wakapata mahali pa kufanyia mazoezi, kwenye taasisi ya Reação, chini ya mzee Geraldo Bernardes. Huyo ndiye aliyemlea Rafaela Silva wa mtaa wa Cidade de Deus, bingwa wa Olimpiki wa 2016.

Bernardes aliona kitu ambacho mwalimu yeyote wa judo angekishtukia: walikuwa wakiwatupa wenzao wa mazoezini kana kwamba wanapigania roho zao. Judo ni mchezo wa kumwangusha mwenzako na kumshika mkono wa judogi ili asiumie. Mtu aliyezoea kufungiwa akishindwa hana nafasi ya kumshikia mtu mkono. Ilibidi wafundishwe upya, na hilo ni gumu kuliko kumfundisha asiyejua kitu.

Agosti 2016 wote wawili waliingia uwanjani Rio na timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki: watu 10, watano kati yao wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, Kenya. Popole, kilo 90, alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wakati huo. Alirudi tena Olimpiki ya Tokyo, bado na timu ya wakimbizi. Kwa hiyo, mama, hakuna nchi iliyomnunua, wala Kongo haikuuzwa. Shemeji akija, mwandalie chai, kisha muulize: paspoti ya Popole ilikuwa mkononi mwa nani siku ile?

Ukutani pakiwa na nafasi, kijana abandike na ya Yolande, wa kilo 70. Yeye alitolewa pambano la kwanza na Linda Bolder wa Israel, ambaye miaka michache nyuma alikuwa akiichezea Uholanzi. Huyo Linda sijasikia shemeji akimtaja.