Sauti Mpya, Bendi Ileile?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mingi nimekuwa mpenzi wa bendi moja ya panki, ule muziki wa roki wa kasi na ukali. Mwimbaji wake aliondoka, na sasa wenzake wametoa albamu wakiwa na mwimbaji mpya. Wapiga vyombo ni walewale, lakini kila ninapoisikiliza naona kama mgeni ameketi kwenye kiti cha mwenye nyumba. Je, hii bado ni bendi yangu, na niipime kwa kipimo gani? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, uchungu wako naufahamu, kwa sababu katika panki mwimbaji si pambo la wimbo. Gitaa hupiga kodi chache (noti kadhaa zinazolia kwa pamoja), ngoma hukimbia, wimbo huisha mapema, na kinachobaki masikioni ni ile sauti iliyokuwa ikikukaripia au ikikulilia. Hata hivyo, nakushauri usianze kwa kuuliza kama mgeni anafanana na aliyeondoka, bali kama wenzake wamemtungia nyimbo za koo lake au wamemvika nguo iliyoshonwa kwa kimo cha mtu mwingine.

Tazama Black Flag, bendi iliyoanzishwa na mpiga gitaa Greg Ginn mwaka 1976 huko Hermosa Beach, California. Ilikwisha kupitia mikononi mwa waimbaji watatu, Keith Morris, Ron Reyes na Dez Cadena, kabla haijatoa hata albamu moja kamili. Mwaka 1981 sauti ya Cadena ilikuwa imechoka, naye alitamani kupiga gitaa. Ndipo akaitwa Henry Rollins, kijana wa Washington, D.C. aliyekuwa akiuza aiskrimu, ambaye siku moja alipanda jukwaani New York akaimba nao. Wengi hukumbuka kuja kwa Rollins, lakini mimi naona jambo kubwa zaidi ni kwamba Cadena hakuondoka: alishika gitaa la pili, na albamu ya Damaged, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huohuo, ikapata uzito ambao bendi haikuwa nao.

Ukitaka kuisikia tofauti hiyo mwenyewe, chukua wimbo wao "Depression". Morris na Cadena wanasikika wakiuimba katika albamu ya mkusanyiko ya Everything Went Black, na Rollins katika Damaged. Morris huyatema maneno haraka, kwa sauti nyembamba, kama mtu anayegombana na aliye mbele yake. Cadena hukwaruza koo. Rollins huyavuta kutoka kifuani, na unamsikia amefungiwa ndani ya wimbo, hana pa kutokea. Maneno ni yaleyale, lakini lawama iliyokuwa ikienda kwa watu sasa inamrudia mwimbaji mwenyewe.

Pengine mrithi hutoka ndani ya nyumba. Mwimbaji Howard Devoto alipoiacha bendi ya Buzzcocks ya Manchester, Uingereza, mwaka 1977, muda mfupi baada ya santuri yao ya kwanza yenye nyimbo nne, mpiga gitaa Pete Shelley ndiye aliyechukua uimbaji. Hakumwiga mwenzake, alikuwa na sauti ya juu, laini, inayofaa habari za mapenzi yaliyokwama, na nyimbo zikafuata njia hiyo.

Wapo pia Pennywise, nao wa Hermosa Beach, waliotoa albamu ya All or Nothing mwaka 2012 wakiwa na mwimbaji mpya, Zoli Téglás. Mwaka huohuo mwimbaji wao wa zamani, Jim Lindberg, alirudi, na albamu hiyo ikabaki ya pekee waliyoitoa wakiwa na Téglás.

Kwa hiyo, anza na nyimbo zilizotungwa baada ya mgeni kuingia, na uziache kwanza zile za zamani anazoziimba jukwaani, kwa kuwa humo anahema kwa pumzi za mwenzake. Sikiliza anapovutia pumzi: kama mstari unamwishia pale anapotaka kupumua, au kama maneno yanasongamana ili yawahi kibwagizo. Kisha tuandikie utuambie ilikuwa wimbo wa ngapi ulipoacha kumtafuta yule wa zamani.