Mi Peter Parker nampima kwa kodi ya nyumba

Mhariri, mmeuliza wiki hii ni filamu ama gemu gani iliyotoka kwa komiki imewafurahisha mashabiki na gani imewaudhi, na kwa nini. Jibu langu ni Spider-Man kwa yote mawili, na kipimo changu najua kuna watu watacheka: je, Peter Parker, yaani yule kijana aliye ndani ya nguo za Spider-Man, anadaiwa kodi ya nyumba ama hadaiwi? Kama anadaiwa, kazi ni nzuri. Kama hadaiwi, huyo ni mtu mwingine amevaa nguo zake.

Kwanza muelewe sisi wa huku Arua, Uganda, tulimpata vipi. Komiki zenyewe zilianza 1962, Stan Lee akiandika na Steve Ditko akichora, lakini nani hapa aliziona? Sisi tulimjua kwa kibanda cha kuonyesha muvi, muvi imetafsiriwa kwa Kiganda na veejay wa Kampala, yule anayeongea juu ya sauti ya muvi, na kwa vile wengi huku Kiganda chetu ni cha kubahatisha, kila kibanda kilikuwa na jamaa wa benchi la mbele anayetafsiri ile tafsiri kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kuombwa na mtu. Kwa hivyo Peter wetu alipita mikono ya Hollywood, ya veejay na ya huyo jamaa kabla hajafika kwetu, na kila mmoja aliongeza chumvi yake. Sasa mtu ananijia na simu ati "kwenye komiki haiko hivyo". Komiki gani, bwana?

Ndio maana ugomvi mwingine wa mashabiki wa Marekani mi unanichekesha. Kabla ya filamu ya 2002 iliyoongozwa na Sam Raimi watu walilalamika vibaya sana kwa sababu utando wa Tobey Maguire, aliyeigiza Peter, ulikuwa unatoka mwilini, kwenye mkono, wakati kwenye komiki Peter ni kijana wa sayansi, anajitengenezea kifaa na ile dawa ya utando mwenyewe. Huku hakuna aliyeuliza, mtu ameumwa na buibui, ulitaka atoe nini? Na kinachofurahisha, 2004 komiki yenyewe ikamgeuza akaanza kutoa utando mwilini kama kwenye filamu! Yaani kitabu kikafuata muvi, na wale waliosema kitabu ndio sheria sijui walijificha wapi. Ingawa niwatendee haki, hoja yao haikuwa ya kijinga kabisa, ile ya kujitengenezea kifaa inaonyesha akili ya mtu asiye na pesa.

Sasa Spider-Man 2 ya 2004. Hapo ndipo kibanda kilipomkubali. Anapeleka piza, anachelewa, mteja anakataa kulipa, bosi anamfukuza kazi, anarudi nyumbani anamkuta landilodi mlangoni, noti ya dola 20 ambayo ndiyo ya kumfikisha mwisho wa wiki inanyakuliwa mkononi. Watu walicheka mpaka veejay hasikiki, lakini ni kile kicheko cha mtu anayejua, maana nusu ya waliokuwa ndani walikuwa wanamkwepa landilodi wao. Huyo landilodi anaitwa Ditkovich, baadaye sana ndio nikaona hilo jina wamemkonyezea Steve Ditko. Gemu ya mwaka huohuo kwenye PlayStation 2 nayo iliweka kazi ya kupeleka piza, na utando ulikuwa lazima ushike jengo la kweli, sio kama gemu ya kabla yake ambapo ulikuwa unashika mawingu. Watu wanaikumbuka kwa huo ubembeaji na wana haki, lakini mi nakumbuka zile piza, unaruka maghorofa yote ya New York huku unaogopa piza isiharibike. Waulize vijana wa boda wanaopeleka chakula watakwambia hiyo sio hadithi ya kubuni.

Filamu za Andrew Garfield, Peter aliyefuata, nitapita haraka, isipokuwa kitu kimoja. Kwenye ile ya 2014 Gwen, mpenzi wa Peter, anakufa. Waliosoma komiki walijua tangu zamani, amekufa kwenye toleo la 121 la mwaka 1973, na kwenye filamu saa ya mnara inasimama saa saba na dakika 21, yaani moja, mbili, moja, zawadi kwao. Sisi hatukujua kitu! Kwetu demu wa steringi hafi, ndio sheria ya kibanda, kwa hivyo watu walikaa wanasubiri aamke, filamu inaendelea, makaburini, bado kuna mtu nyuma anasema ngojeni, ataamka. Banange. Hapo ndio niliona kusoma kwanza kuna hasara yake, wale wenzetu walilia kwa kujiandaa, sisi tulipigwa kofi.

Halafu akaja Tom Holland, kijana mzuri, anaigiza vizuri, lakini nguo kapewa na Tony Stark, yule tajiri ambaye ndiye Iron Man, kwenye ile ya 2019 kaachiwa mpaka miwani ya kuamrisha madroni. Mashabiki kila mahali walimwita Iron Man mdogo na mi nilikuwa kundi hilo. Angalieni vile watu walivyofurahi kwenye filamu yake ya Homecoming pale Stark anapochukua nguo yake na kijana anaenda kupigana na zile za kushona nyumbani. Na No Way Home ya 2021, sawa, watu wanaongelea Spider-Man watatu kukutana, hata mi nilipiga kelele, lakini kwangu raha ni mwisho wake: hakuna anayemkumbuka, anapanga chumba kitupu, anaambiwa kodi ni tarehe moja, anashona nguo yake mwenyewe. Filamu nyingi hivyo ndio wamemfikisha mahali Raimi alianzia.

Iliyowazidi wote ni gemu ya 2018 ya PlayStation 4 (PS4) iliyotengenezwa na kampuni ya Insomniac. Mwanzoni tu Peter anafukuzwa nyumba, vitu vyake vinabebwa na lori la takataka analikimbiza mjini mzima, analala kwenye kituo cha kusaidia masikini anapofanya kazi Shangazi May. Na mashabiki walikuwa wanagombania nini kabla haijatoka? Madimbwi ya maji! Ati kwenye trela ya 2017 madimbwi yalikuwa makubwa, sasa yamepunguzwa, grafiksi zimeshushwa, mpaka watengenezaji wenyewe wakajibu kwamba hakuna kilichoshushwa, na baadaye kwa utani wakaweka stika za madimbwi kwenye sehemu ya kupiga picha ndani ya gemu. Ya 2020 walipombadilisha Peter sura kwenye toleo la PS5, hiyo nilielewa kidogo, umekaa na mtu gemu nzima unarudi unakuta sura ya mtu mwingine, lakini kuwatumia watengenezaji vitisho kwa sababu ya sura, hapana, hiyo ni ugonjwa.

Shida ni kwamba sehemu za gemu huku zinalipisha kwa mechi, ni mpira tu, mwenye mashine hataki kusikia gemu ya hadithi inayomkalia siku nzima. Kwa hivyo wengi wanaobishana kuhusu hii gemu waliangalia mtu mwingine akiicheza YouTube, mi pia sehemu kubwa hivyohivyo, bando likiisha hadithi inakatika. Yaani gemu imekuwa muvi, tofauti ni kwamba hii haina veejay. Kama kuna msomaji anajua veejay yeyote aliyeitafsiri yote mpaka mwisho, aandike hapa, nitaitafuta.