Fundi wa vitasa, jitengenezee sanduku la vifaa lenye heshima

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimeona picha ya sanduku lako la vifaa vya kufungulia vitasa. Umelinunua wapi na bei gani?" Marahaba, mdogo wangu. Sijalinunua. Nimelitengeneza kwa mikono yangu, na kwa kuwa wengi mmeniuliza swali hilohilo, leo nalijibu kwa kirefu.

Mafundi wengi tuliojifunzia kazi barazani pa mtu tunaanza hivihivi: mashine ya kuchonga funguo si yako, vifaa unavikusanya kimoja kimoja, na vyote vinakaa kwenye mfuko wa plastiki au vimeviringishwa kwenye kitambaa. Mimi nilianza hivyo. Mama mmoja wa Mikocheni alinipigia simu, funguo zimebaki ndani na mlango umejifunga. Nikafika getini na mfuko wangu. Mlinzi akaniuliza nimebeba nini, nikamweleza, hakuniamini. Akaumimina mfuko wote chini kwenye mchanga. Ndoano na reki za kuchokonolea ndani ya kitasa, vyuma vya kukazia silinda (kile kiini kinachozungushwa na ufunguo), vyote vikatapakaa, na majirani wakaanza kusogea. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Hivyo ndivyo vya wezi." Mama alipotoka akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akauliza, "Fundi mwenyewe ndiye huyu?" Mlango niliufungua na pesa nililipwa. Lakini lile swali bado linanichoma mpaka leo ninapoandika.

Yule mlinzi alikuwa anafanya kazi yake. Fundi wa vitasa anabeba vifaa vilevile ambavyo mvunja nyumba angependa kuwa navyo, na Kanuni ya Adhabu inalijua hilo: ukikutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, ni kosa, na wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba sababu unayo. Simu zetu nyingi zinakuja usiku. Kwa hiyo sanduku langu lina mfuko kwenye kifuniko, na ndani yake mna nakala ya leseni ya biashara, kitambulisho na kitabu cha risiti. Nikisimamishwa na askari nafungua, anaona kila kitu kimepangwa, anaona karatasi, tunaagana kwa salamu.

Sanduku lenyewe lilikuwa la drili iliyokufa. Unaweza pia kutafuta brifkesi ya aluminiamu ya mtumba. Angalia bawaba na vifungio tu, kwa maana mengine yote utayafunika.

Kwenye sponji ndipo nataka mnisikilize. Usiweke sponji ya godoro! Ni laini, inapendeza siku ya kwanza, lakini ina vitundu vilivyofunguka, inanyonya maji na kuyashika. Kwa hewa ya Dar es Salaam, yenye unyevu na chumvi ya bahari, chuma chembamba kikilala humo kinaota kutu. Na yenyewe baada ya muda inaoza, inakuwa unga wa njano unaonata kwenye vifaa. Unachotaka ni sponji ngumu ambayo vitundu vyake vimefungwa na haipitishi maji. Iliyo rahisi kupatikana ni EVA, aina ya plastiki laini, ileile inayotengenezewa ndala nyingi. Nenda Kariakoo uulize mikeka ya watoto ya kuunganisha, ile ya rangirangi yenye meno pembeni. Unene wake ni milimita 10 hivi, na pakiti moja inakutosha na kubaki. Kama una njia ya kupata sponji ya polithini, chukua hiyo, ni bora zaidi. EVA inaweza kutoa mvuke kidogo wenye asili ya siki, na mvuke huo si rafiki wa chuma. Watunzaji wa makumbusho wanapenda polithini kwa sababu hiyo. Mimi natumia EVA, nafuta vyuma kwa tone la mafuta ya cherehani, nafungua sanduku lipate hewa, na kutu sijaiona.

Chukua rangi mbili. Juu nyeusi, chini nyekundu. Unachora umbo la kifaa kwenye ile nyeusi, unalikata litoke zima, halafu unagundisha ile nyekundu chini yake. Kifaa kikiwa hakipo, wekundu unakupigia kelele. Mafundi wa ndege wanapanga vifaa vyao kwa mtindo huu, maana bisibisi iliyosahaulika ndani ya injini inaua watu.

Kukata kunataka subira. Tumia bledi mpya na rula ya chuma, kisu kisimame wima, upitishe mara nyingi kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza ili ukate mara moja, sponji inajivuta na ukingo unatoka umelala. Tundu liwe dogo kuliko kifaa kwa milimita moja hivi ili likibane, na pembeni yake toboa nusu duara ya kuingiza kidole. Kipande kizima nacho kizidi upana wa sanduku kwa milimita mbili, kitajibana chenyewe.

Hayo ni ya koleo, tupa, bisibisi na chupa ya grafaiti, ule unga wa kulainishia vitasa. Ndoano na reki zina kanuni nyingine. Chuma chake kina unene wa takriban milimita 0.6, ukichora umbo lake utapata tundu lisiloshika kitu. Zisimamishe kwa ubavu: chana mstari mmoja tu kwenye sponji, usitoe kitu, kisha ingiza chuma humo. Sponji yenyewe inakibana. Acha sentimita moja kati ya mstari na mstari, vidole vipate pa kushika. Vyuma vya kukazia viweke safu ya peke yake, vindoano vya kutolea ufunguo uliokatikia ndani navyo peke yake. Mkono wangu sasa unavipata gizani.

Mwezi huu nimeitwa kwenye jengo la ofisi katikati ya mji, kitasa cha chumba cha nyaraka. Meneja alinisimamia. Nilipofungua sanduku nikaona uso wake unabadilika, akavuta kiti akakaa, akaniacha nifanye kazi. Kabla sijaondoka akanipa vitasa vya ghorofa nzima nivibadilishe. Najivunia kazi hiyo, na sioni haya kusema.

Wadogo zangu, kazi yetu inaishi kwa uwazi. Mwaka 1851 jijini London, fundi wa kufuli Mmarekani, Alfred Charles Hobbs, aliifungua kufuli ya kampuni ya Bramah iliyokuwa imewekwa dirishani mwa duka lao miaka mingi, na ahadi ya gini 200 (pesa ya Uingereza ya zamani) kwa atakayeiweza. Ilimchukua saa 51 za kazi ndani ya siku 16, kwa masharti yaliyosimamiwa na waamuzi. Angeifungua gizani angeitwa mwizi. Aliifungua mbele ya watu, jina lake linatajwa hadi leo. Nanyi fungueni masanduku yenu mbele ya mteja. Mwombeni uthibitisho kwamba nyumba ni yake kabla hamjagusa kitasa, hata kama analia, hata kama ni usiku wa manane. Asiye na uthibitisho, mjumbe au mwenye nyumba aitwe kwanza. Pesa ya haraka imewaponza mafundi wazuri kuliko mimi.

Na ukimaliza kazi, usifunge sanduku mpaka umekagua wekundu. Mimi namwita mteja akague pamoja nami. Tundu moja likiwa tupu tunarudi mlangoni wote wawili na tochi hadi kifaa kionekane, ndipo naandika risiti.