Sevisi ina ruti, mbona bado inakatazwa?

SWALI: Fundi habari za kazi. Natengeneza simu hapa Jinja, nimejenga romu (mfumo wa kuendesha simu) ya Android kwa simu moja ya zamani nikaandika kasevisi kadogo (programu ya chinichini) kanaitwa joto, kanasoma joto la betri kila dakika. Kako kwenye folda ya vendor/bin, init (programu inayowasha sevisi zingine) ndiyo inakawasha, kana ruti (mamlaka ya juu kabisa), hadi chmod 777 (kufungulia faili kwa kila mtu) nimepiga lakini hakawaki, init inalalamika ati lebo ya faili si sahihi. Rafiki anasema niweke SELinux (mlinzi wa ruhusa ndani ya Android) permissive, yaani iandike makosa tu bila kuzuia, yaishe. Niweke?

JIBU: Usiweke ndugu yangu, nakuomba, hiyo simu ukimrudishia mwenyewe ndo pochi yake ya mobile money. Tangu Android 5.0 ya 2014 SELinux inabana simu nzima, na haijali ruti wala 777. Ni kama boda, pikipiki ni yako, petroli umejaza, lakini kama stage haikujui hupakii abiria pale. Kila kisichoruhusiwa kwa kuandikwa kimekatazwa, basi.

Shida yako ni kwamba joto haina domeni yake, yaani kundi lake la ruhusa ndani ya SELinux. Kwenye faili ya sheria, joto.te, tangaza `type joto, domain;` na `type joto_exec, exec_type, vendor_file_type, file_type;` halafu `init_daemon_domain(joto)`, hii ya mwisho ndo inaiambia init ikiwasha faili hiyo iiingize kwenye domeni ya joto. Kisha kwenye file_contexts (orodha ya lebo za faili) ipe /vendor/bin/joto lebo `u:object_r:joto_exec:s0`, ujenge upya. Wengi wanasahau hii lebo, wanakesha bure.

Itawaka, halafu utaanza kuona `avc: denied` (SELinux imekataa ombi) kwenye logi. Hapo ndo watu wanaharibu, wanamwaga kila kitu kwenye audit2allow (programu inayogeuza makatazo kuwa sheria za kuruhusu) wanakopi majibu yote bila kusoma! Soma mstari mmoja mmoja. Ukiona tcontext (lebo ya kinachoombwa) ni sysfs tupu, yaani lebo ya jumla ya faili za taarifa za vifaa, usiifungulie joto sysfs yote, nenda genfs_contexts (orodha ya lebo za faili za aina hiyo) uipe faili ya betri lebo yake, kisha ruhusu open, read na getattr kwenye hiyo tu. Na ukigonga neverallow (sheria ya kukataza kabisa) usiifute, inamaanisha umeomba kitu ambacho sevisi yako haifai kupewa, badilisha kodi (code) ya sevisi.

Kama lazima ujaribu kwanza, andika `permissive joto;` kwenye simu ya majaribio iliyo mezani kwako, domeni hiyo moja tu, na uitoe kabla simu haijatoka dukani. Ukikwama nitumie mstari wa avc mzima bila kuukata, maana scontext (lebo ya anayeomba) na tcontext ndo nazitafuta.