Tekinisie wa radio anaweza kuandika protokole mwenyewe?

Swali: Jambo dokta. Niko tekinisie wa radio kwa hospitali moja ya huku kando ya Bukavu, nilisoma ISTM, chuo cha ufundi wa afya. Daktari wa radiolojia hatuna, basi wale wa irijansi wananiambia niandike protokole mwenyewe, yaani karatasi ya kueleza klishe inaonyesha nini. Nasikia Uingereza matekinisie wanaandika. Na mimi niandike tu?

Jibu: Jambo sana ndugu yangu. Kweli Uingereza wapo matekinisie wanaosoma klishe na kusaini, lakini hawakuanzia hapo. Miaka ya 1980 kazi yao ilikuwa kubandika kadoti kekundu tu kwa klishe ya irijansi isiyo sawa, daktari akikaona anajua hapa aangalie vizuri, kisha ndio wakarudi chuo kikuu, mtu anasomea mifupa ao kifua, na hata akishamaliza protokole zake zinakaguliwa. Marekani wasaidizi wa radiolojia wako tangu miaka ya 2000, wanafanya mengi, ila kutoa dianostiki, kusema ni ugonjwa gani, hapana.

Sasa wewe. Kusaini peke yako bila masomo hayo na bila mtu wa kukukagua, nakukataza. Siku ya shida jina la chini ni lako.

Lakini kunyamaza pia sikubali! Wewe ndiye unaona klishe wa kwanza. Ukiona ule mstari mwembamba wa plevra (ngozi inayofunika pafu), nje yake nyeusi tupu bila mishipa, na trakea (bomba la pumzi) imesukumwa upande wa pili, hiyo ni hewa imejaa nje ya pafu inalikandamiza, usingoje karatasi, kamata simu uite irijansi palepale.

Kwa zingine andika ulichoona, usiandike jina la ugonjwa. "Kivuli cheupe juu kulia, kama sm 3" inatosha, maana ukiandika TB hakuna tena atakayeomba makohozi. Na mtu aliyeanguka akajikinga na kiganja usimwandikie kamwe "hakuna mvunjiko", skafoidi, kale kamfupa ka kiwiko cha mkono chini ya kidole gumba, inaweza kuwa imevunjika na klishe ya siku ya kwanza isionyeshe kitu. Andika "sioni mvunjiko, akiendelea kuumia chini ya kidole gumba arudie klishe baada ya siku 10 mpaka 14".

Omba daktari mkuu wenu mpatane kwa maandishi na daktari wa radiolojia mmoja wa mjini, klishe gani unatolea maoni, gani zinatumwa kwake, na yeye akurudishie jibu lake ulilinganishe na lako. Na boni, karatasi ya daktari ya kuomba radio, ikija imeandikwa "radio ya kifua" basi, irudishe, uliza mgonjwa anaumia wapi na tangu lini.